UCHAMBUZI: Mtambo wa mvua usiotunzwa huandika uongo

MKAZI wa mtaa wa Woodley, jijini Nairobi, akitaka kujua yalipo makao makuu ya wataalamu wanaotabiri mvua nchini, hana haja ya kupanda matatu. Akishika Barabara ya Ngong kutoka Adams Arcade na kuelekea magharibi, baada ya mwendo wa kama nusu saa kwa miguu atafika Dagoretti Corner, na hapo ndipo ilipo Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa. Akigeuka na kuelekea upande wa pili, atalipita soko la mitumba la Toi na kuanza kuteremkia Kibra, ambako mvua inapozidi kipimo watu hupoteza nyumba, na wakati mwingine hupoteza roho.

Umbali huo mfupi baina ya wanaoipima mvua na wanaoangamizwa nayo unafaa kututia fikira. Kwa miaka mingi tumeambiwa kwamba tatizo letu ni uhaba wa vyombo. Wahisani wamekuja na mitambo ya kisasa inayojiendesha yenyewe, viongozi wamekata utepe, picha zimepigwa na hotuba zimetolewa. Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni hili: baada ya msafara wa wageni kuondoka, ni nani anayerudi kuusafisha mtambo ule?

Tuanze na yaliyotokea. Mnamo Oktoba 2023, Rais William Ruto aliwaeleza Wakenya kwamba, kwa mujibu wa wataalamu, mvua ya El Niño iliyokuwa ikihofiwa haingekuwa kubwa jinsi ilivyodhaniwa hapo awali. Vuli ya mwaka huo ikaja na mafuriko yaliyowaua zaidi ya watu 100 nchini. Kabla ya machozi kukauka, masika ya 2024 yakaingia kwa kishindo. Mto Mathare ukavunja kingo zake, na usiku wa kuamkia Aprili 29 maji yaliyokuwa yamezuiliwa yakabomoka na kuwasomba makumi ya watu karibu na Mai Mahiu. Kufikia katikati ya Mei, serikali ilikuwa imehesabu zaidi ya watu 250 waliofariki katika msimu huo mmoja.

Mgala muue na haki umpe. Katika masika ya 2024 idara hiyo ilitoa ilani za mvua kubwa, na haikuwa kimya. Ila ilani ya kwamba mvua nyingi itanyesha katika maeneo ya nyanda za juu, Nairobi ikiwemo, si habari ya kumwamsha mama wa Kibra saa nane usiku akawabebe watoto wake. Anachohitaji yeye ni kuambiwa kwamba sasa hivi, huko Dagoretti na pembezoni mwa msitu wa Ngong, kumenyesha kiasi fulani katika muda wa dakika 30 zilizopita, na kwamba maji hayo yanateremka kwa Mto Motoine kuelekea kwake. Habari ya namna hiyo haitolewi na utabiri. Hutolewa na kipimo, na kipimo hicho hakina budi kunaswa, kutumwa na kusomwa papo hapo.

Hapo ndipo kinapoingia kinasa data cha kielektroniki. Msomaji asikiogope chombo hiki. Ni kisanduku kidogo, aghalabu cha rangi nyeupe au kijivu, kinachofungwa kwenye mlingoti na kuunganishwa kwa nyaya na vipimo vya joto, unyevunyevu, upepo na mvua. Kila baada ya dakika kadhaa kisanduku huviuliza vipimo hivyo vina habari gani, huandika majibu katika kumbukumbu yake pamoja na tarehe na saa, kisha huyatuma kwa laini ya simu kama ile iliyo mfukoni mwako. Nguvu zake hutokana na betri inayochajiwa na paneli ya sola.

Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa wino. Katika vituo vya iliyokuwa idara ya pamoja ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki, ambayo mizizi yake ni ya 1929 na ambayo haikunusurika Jumuiya ilipovunjika mnamo 1977, kalamu ndogo ilichora mstari juu ya karatasi iliyozungushiwa pipa lililoendeshwa na saa ya kujazwa ufunguo. Saa tatu asubuhi mtu alifika, akaivua karatasi ya jana, akaandika tarehe, akavika nyingine, akaongeza wino na kujaza ufunguo. Ikiwa jani limeziba mdomo wa chombo, aliliona. Ikiwa buibui amefuma utando, aliufagia. Ikiwa mstari ulichorwa tambarare ilhali yeye mwenyewe alikuja kazini akiwa ameloa chapachapa, alijua kwamba pana hitilafu.

Mtambo wa karatasi ulimlazimisha mtu kuja kila siku. Kinasa data hakimlazimishi mtu yeyote, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa inayotangazwa na wauzaji. Ndiyo pia chanzo cha maradhi yake.

Hakuna anayeweza kurudi nyuma, na haifai kurudi. Mkataba wa Minamata wa 2013 uliweka mwaka wa 2020 kuwa kikomo cha kutengeneza na kuuza baina ya nchi vipimajoto na vipimahewa vingi vya zebaki, kwa hivyo vyombo vya kale vinakwisha kimoja baada ya kingine, na idara zote duniani zinahamia kwenye elektroniki. Kinachotakiwa ni kufahamu kwamba anayehamia huko hakuepuka kazi ya kutunza. Amebadilisha tu aina ya kazi hiyo.

Chukua kipima-mvua kinachotumiwa sana na mitambo hii. Mvua huingia kwenye faneli na kudondokea vijiko viwili vilivyowekwa mgongo kwa mgongo, vinavyopokezana kama bembea. Kijiko kimoja kikijaa maji ya milimita 0.2 za mvua hupinduka na kuyamwaga, na kingine huchukua zamu. Kila mpinduko hutoa ishara moja ya umeme, na kinasa data huhesabu moja, mbili, tatu. Mipinduko 100 ni milimita 20. Ni ubunifu mwepesi na wa kutegemewa, na umekuwako kwa vizazi.

Sasa tuseme mtambo kama huo umesimamishwa katika uwanja wa shule mojawapo kando ya Barabara ya Ngong. Mwezi wa Oktoba unapofika, mijakaranda ya Nairobi huchanua na kumwaga maua yake ya zambarau kila mahali, na huo ndio msimu ambao vuli hukaribia kuanza. Ua moja na majani mawili yaliyochanganyika na kinyesi cha kunguru yanatosha kuuziba mdomo mwembamba wa faneli. Mvua inanyesha. Maji yanajaa juu, yanafurika pembeni, na vijiko chini havisogei. Kinasa data kinauliza: je, kuna mpinduko? Hakuna. Kinaandika sifuri. Baada ya dakika kumi kinauliza tena na kuandika sifuri nyingine, kisha kinazituma kwa uaminifu mkubwa hadi kwenye seva. Ofisini, yule anayetazama kompyuta anaona kituo kiko hai, betri imejaa, mawasiliano ni mazuri, na mvua ni sifuri. Mtambo haujui tofauti ya siku ya ukame na siku ya faneli iliyoziba.

Betri iliyokufa ni mkweli kuliko faneli iliyoziba, kwani betri ikifa huacha pengo katika kumbukumbu na kila mtu huliona pengo hilo. Sifuri ya uongo haionekani. Hukaa kwenye rekodi miaka na miaka, huingizwa kwenye wastani, hutumiwa na mhandisi anayekadiria upana wa mtaro, na mtaro huo ukijengwa hujengwa mwembamba.

Hata faneli ikiziba nusu tu madhara ni yale yale, na pengine ni mabaya zaidi kwa jiji. Maji hupenya tone kwa tone, na dhoruba iliyopiga kwa dakika 40 hunakiliwa kama manyunyu ya saa sita. Jumla ya siku itakuwa karibu na ukweli, na mkulima wa Kiambu hatapungukiwa. Mjini mambo ni tofauti. Milimita 50 zikienea mchana na usiku ni neema. Milimita 50 hizo hizo zikishuka kwa saa moja juu ya hekta moja tu ya paa za mabati na lami ni lita 500,000 za maji yasiyo na pa kwenda. Kwa mtu anayeishi bondeni, kasi ya mvua ndiyo habari yenyewe.

Kwa sababu hiyo hata namna ya kukiandaa kinasa data siku ya kwanza si jambo la kumwachia fundi aliye na haraka. Kuna kuamua kitanakili kila baada ya muda gani. Ukichagua saa nzima, umeokoa betri na pesa za mawasiliano, lakini umezika kasi ya dhoruba. Ukichagua kila dakika, kumbukumbu hujaa na laini ya simu hula salio. Kwa jiji kama Nairobi, dakika tano hadi kumi ni wastani wa busara.

Kuna pia suala la saa, ambalo huchekesha hadi lianze kuliza. Siku ya mvua katika vituo vyetu huhesabiwa kuanzia asubuhi hadi asubuhi ya kesho yake. Mswahili huita wakati huo saa tatu. Saa ya ukutani yenye tarakimu za Kiingereza huonyesha 9. Mtambo uliowekwa kwa saa ya kimataifa, jinsi inavyopendekezwa, huandika 6. Fundi akikosea na kuweka saa ya Nairobi katika mtambo ambao seva inaudhania uko kwenye saa ya kimataifa, dhoruba ya saa moja jioni itaonekana imepiga saa nne usiku, na mvua ya alfajiri itahesabiwa siku isiyo yake. Baada ya mafuriko, tume itakapokaa kuuliza kama ilani ilitolewa mapema au ilichelewa, saa tatu hizo zinaweza kumtia hatiani asiyekuwa na hatia.

Hali ya hewa ya Nairobi nayo ina ujanja wake. Wauzaji wa mitambo husema Afrika ni bara la jua, na kwa Garissa au Lodwar ni kweli. Aliyewahi kukaa Woodley mwezi wa Julai, akavaa sweta mchana kutwa chini ya mawingu ya kijivu yasiyonyesha wala kuondoka, anajua vingine. Paneli iliyokadiriwa kwa jua la jangwani hushindwa kuijaza betri katika majuma hayo ya baridi. Kwa kuwa jiji liko karibu kabisa na Ikweta, wengine huilaza paneli ikatazama juu moja kwa moja, na vumbi na kinyesi cha ndege vikapata kitanda. Kuinamisha kidogo kunatosha kwa mvua kuiosha. Na betri zenyewe, hata zikitunzwa vyema, hudumu miaka michache tu, kisha hazina budi kubadilishwa. Hiyo ni gharama inayojulikana tangu siku ya kununua, wala si ajali.

Mengine ni madogo madogo: nyigu wanaojenga ndani ya kisanduku, mchwa, nyaya zinazotafunwa na panya, vijipakiti vya kunyonya unyevu ambavyo visipobadilishwa huacha kutu iingie, laini ya simu iliyofungwa kwa sababu hakuna aliyekumbuka kulipia. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Yote yanahitaji mtu anayefika pale.

Upimaji wa uaminifu wa chombo chenyewe ni kazi inayoweza kufanywa na mwanafunzi wa kidato cha pili. Faneli yenye kipenyo cha sentimita 20 ina eneo la sentimita mraba 314. Ukichukua mililita 628 za maji na kuyamimina polepole sana, umeipa milimita 20 za mvua, na kinasa data kinapaswa kuhesabu mipinduko 100. Kikihesabu 80, vijiko vimechafuka au mlingoti umeinama. Ni chupa moja, subira ya saa nzima, na mtu wa kuandika jibu kwenye daftari pamoja na tarehe. Muhimu ni kutenganisha kinasa data au kuweka alama kwenye rekodi kabla ya kumimina, la sivyo utakuwa umezua mvua isiyonyesha, na wapo waliozizua.

Ikiwa kazi ni nyepesi hivyo, mbona haifanywi? Jibu liko kwenye vitabu vya hesabu. Fedha za kununua mtambo hutoka katika mradi, nao mradi una mwanzo na mwisho. Fedha za kumlipa dereva, mafuta, posho ya fundi na betri mpya hutoka katika matumizi ya kawaida ya kila mwaka, na hilo ndilo fungu ambalo hazina huwa ya kwanza kulikata mambo yakiwa magumu. Mhisani hupenda kuhesabu vituo vilivyosimamishwa. Waziri hupenda kuvizindua. Hajatokea kiongozi wa kukata utepe kwa ajili ya betri iliyobadilishwa.

Matokeo yake yanaonekana barani kote. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limesema kwamba mtandao wa vituo vya ardhini barani Afrika ni takriban moja ya nane tu ya ule unaohitajika kwa uchache. La kusikitisha zaidi ni takwimu nyingine ya shirika hilo: mnamo 2011 asilimia 57 ya vituo vya Afrika vilivyomo katika mtandao wa kufuatilia tabianchi vilitimiza kikamilifu masharti ya kutuma taarifa, lakini kufikia 2019 vilikuwa asilimia 22 tu. Hiyo ndiyo miaka ambayo simu za mkononi zilienea hadi vijijini na bei ya elektroniki ikashuka. Vyombo vilipatikana kwa urahisi kuliko wakati wowote, na taarifa zikapungua. Anayeshikilia kwamba dawa ni kununua vyombo zaidi anapaswa kuielezea kwanza tarakimu hiyo.

Wapo waliolitambua hilo. Mradi wa TAHMO, ulioasisiwa na wasomi wa vyuo vikuu vya Delft nchini Uholanzi na Oregon State nchini Marekani kwa lengo la kufikisha vituo 20,000 barani, ulichagua kuweka mitambo yake katika viwanja vya shule, na ulipendelea vyombo vyenye viungo vichache vinavyosogea. Hekima ya kuchagua shule ni kwamba pana ua, pana bawabu, na pana mwalimu wa jiografia. Naye mfuko wa kimataifa wa SOFF, uliozinduliwa katika mkutano wa tabianchi wa Glasgow mnamo 2021, ulikuja na fikra ya kuzilipa nchi maskini kwa muda mrefu kulingana na taarifa zinazofika, badala ya kuzinunulia mitambo na kuziaga.

Kenya yenyewe ilishaonja faida na hatari ya kuutegemea mtambo. Mnamo 2009 bima ya Kilimo Salama ilianza kwa majaribio eneo la Laikipia, ikiwashirikisha wakfu wa Syngenta, kampuni ya bima ya UAP na Safaricom. Mkulima hakutembelewa na mkaguzi. Kituo cha hali ya hewa kilichojiendesha chenyewe ndicho kilichoamua kama mvua ilikuwa haba kiasi cha yeye kulipwa fidia. Ilikuwa bima ya bei nafuu kwa sababu hiyo hiyo. Lakini hebu fikiria uzito uliokuwa juu ya kile kisanduku: faneli ikiziba, kampuni inalipa ukame ambao haukuwako, vijiko vikipinduka kwa kutikiswa na upepo, mkulima aliyeunguliwa na mahindi anaambiwa mvua ilinyesha. Palipokuwa na pesa za kulipana, utunzaji wa mtambo ulionekana mara moja kuwa ni haki ya mtu. Sioni kwa nini mwenye nyumba ya mabati kando ya Motoine anastahili uangalifu mdogo kuliko huo.

Kuna wanaosema kwamba mjadala huu umepitwa na wakati kwa kuwa setelaiti zinatazama kila kitu kutoka juu. Zina faida kubwa, na bahari na jangwa vingekuwa giza bila hizo. Walakini picha za mvua zinazotumiwa sana kutoka setelaiti hugawa ardhi katika vipande vya kilomita kama 11 kwa 11. Ndani ya kipande kimoja kama hicho zinaweza kuingia Woodley, Kibra, Kilimani na sehemu kubwa ya Lang'ata, ilhali kila mkazi wa jiji hili amewahi kuona mvua ikimwagika upande mmoja wa barabara na jua likiwaka upande wa pili. Isitoshe, setelaiti haipimi maji. Hukadiria kutokana na mawingu, na makadirio hayo husahihishwa kwa vipimo vya ardhini. Sifuri ya uongo ya pale shuleni huweza kupanda hadi huko juu.

Lililo gumu zaidi kwa Nairobi ni kwamba habari zinazohitajika zimegawanywa. Mvua ni ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa. Kina cha mito ni cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Mitaro ni ya serikali ya kaunti, na baadhi ya ile iliyo kando ya barabara kuu ni ya mamlaka za barabara. Kinasa data kinachotuma ujumbe kwa ofisi moja tu kimefanya robo ya kazi yake.

Kwa hivyo, zabuni ijayo ya mitambo hii, iwe ya serikali kuu au ya kaunti, isitangazwe kama zabuni ya kununua vyombo. Itangazwe kama zabuni ya saa za taarifa sahihi. Mwuzaji alipwe sehemu tu siku ya kusimamisha mlingoti, na kiasi kilichosalia alipwe kidogo kidogo kwa miaka mitano, kulingana na saa ambazo rekodi imefika na ikapita mtihani wa kulinganishwa na vituo vya jirani. Dagoretti Corner, Wilson, Kabete na Eastleigh vikionyesha milimita 30 na kituo cha katikati kionyeshe sifuri, kompyuta yenyewe impigie simu mtunzaji kabla ya jioni.

Huyo mtunzaji awe mtu mwenye jina lake kwenye karatasi, anayeishi karibu, anayelipwa posho ya kila mwezi hata kama ni ndogo. Shule nyingi za upili nchini zilikuwa na kile kisanduku cheupe cha mbao cha somo la jiografia, na baadhi zingali nacho, kikiwa kimechakaa huku nyasi zikikua hadi mlangoni. Pale pale ndipo pa kuweka mtambo mpya, na kando yake kisimamishwe kipima-mvua cha kawaida cha kusomwa kwa macho, ili vyombo viwili vishuhudiane kwa angalau mwaka mmoja kabla ya kile cha zamani kustaafishwa. Na hali ya kila kituo, kama ki hai, kama kimesafishwa lini, itangazwe wazi mtandaoni ili hata mwandishi wa habari aweze kuuliza.

Lipo jambo moja ambalo halitasubiri bajeti. Kanuni za upimaji hutaka kipima-mvua kikae mbali na jengo au mti kwa umbali usiopungua mara mbili ya kimo chake, na kipima-upepo mara kumi. Ghorofa la mita 40 linakitaka kipima-mvua kisogee mita 80, na mlingoti wa upepo mita 400. Woodley ilijengwa kama mtaa wa nyumba za chini zenye nyua pana, na sasa kando yote ya Barabara ya Ngong maghorofa yanachipuka kama uyoga. Kila mwaka viwanja vilivyo wazi ambamo mvua inaweza kupimwa bila kukingwa na ukuta vinapungua. Wapangaji wa jiji wakitia sahihi ramani mpya za wadi ya Woodley/Kenyatta Golf Course, watie alama pia kwenye kipande kimoja cha nyasi kisichojengwa, chenye ua wa waya na lango la kufungwa kwa kufuli, na waandike kwenye ramani hiyo ni nani atakayekaa na ufunguo.